Samaki hajaota jua hata siku moja, vitamini D anaitoa wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, ambaye siku hizi anaishi Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei. Kaandika hivi: "Mtaalamu habari za kazi. Nimepima damu, daktari kasema vitamini D yangu iko chini sana, kaniambia nile samaki na niwe nakunywa tran (mafuta ya ini la samaki). Ninachojiuliza ni hiki, shuleni tulifundishwa vitamini D inatoka kwenye jua. Samaki yuko chini ya maji, na huku kwetu kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, sasa yeye anaipata wapi? Na inakaa sehemu gani ya samaki? Mimi nanunua minofu ya torsk (cod kwa Kiingereza) tu, maini sijawahi kula, samoni nikinunua ngozi naitoa. Isije ikawa dawa yote natupa kwenye takataka."

Salama dada, na poleni na giza. Nianze na hilo la mwisho maana naona ndo linalokuuma. Kwa torsk, ndiyo, vitamini D nyingi haifiki kwenye sahani yako, ila hujaitupa wewe, imetolewa zamani wakati samaki anapasuliwa tumbo, kabla minofu haijafika dukani. Torsk anaiweka kwenye ini, kwenye nyama anabakiza kidogo sana, takriban mikrogramu 1 kwa gramu 100. Maana yake ili upate mikrogramu 10, ambazo ndo kiwango kinachopendekezwa Norwei kwa siku kwa watu wazima wengi, ingebidi ule kilo nzima ya minofu peke yako. Samoni ni habari nyingine na ngozi yake usiitupe, nitafika huko. (Nimeacha jina torsk makusudi. Kamusi zinamwita chewa, lakini chewa wa pwani yetu ni samaki mwingine kabisa wa kwenye miamba, ukimwambia muuza samaki wa Tanga chewa atakupa huyo.)

Sasa hili la jua. Ulichofundishwa shuleni ni sahihi kwa binadamu. Kwenye ngozi yetu kuna kitu cha jamii ya kolesteroli kinaitwa 7-dehidrokolesteroli, miale ya UVB ya jua ikikipiga kinaanza kugeuka na mwisho wake kinakuwa vitamini D3. Ngozi nyeusi inachuja miale hiyo kwa hiyo inahitaji jua la muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe, na huko ulipo, latitudo ya 69, karibu nusu mwaka jua liko chini mno kiasi kwamba hata siku linapoonekana UVB inayofika ardhini haitoshi kufanya kazi hiyo. Ndo maana damu yako imesoma hivyo, wala sio kwamba unakula vibaya au umezembea, mwili uliojengwa kwa jua la Ujiji umehamishiwa mahali ambapo jua hilo halipo.

Samaki wengi hiyo njia ya ngozi haiwasaidii kitu. Maji yanaimeza UVB haraka sana, kwenye ziwa lenye maji ya rangi ya chai inaishia sentimita chache tu kutoka juu, kwenye bahari safi inashuka mita kadhaa mpaka makumi ya mita ikizidi kufifia, wakati torsk wewe mwenyewe huko wanamvua kwenye kina cha mita mia na zaidi. Wapo samaki wachache ambao ngozi yao imeonekana inaweza kutengeneza, mwaka 2015 watafiti wa Australia walionyesha trauti akimulikwa mwanga wa bluu anatengeneza vitamini D kwenye ngozi, na mwanga wa bluu unashuka chini zaidi kuliko UVB, kwa hiyo sitasema hakuna samaki hata mmoja anayejitengenezea. Ila kwa samaki unaowala wewe jibu ni moja: anaila. Wanaoota jua ni wengine, yeye anawala hao.

Ni akina nani hao? Turudi Kigoma kidogo maana utaelewa vizuri zaidi. Unakumbuka usiku wa giza, mwezi haupo, ziwa lote limejaa taa za wavuvi wa dagaa mpaka mtu akitazama kutoka kilimani anadhani ni mji mwingine umejengwa majini. Dagaa wanafuata taa kwa sababu chakula chao nacho kiko pale, vidudu vya maji vidogo sana, vinakaa chini mchana na usiku vinapanda juu. Ukichota maji ya pale kwenye glasi safi ukaielekeza kwenye tochi utaviona, vidoti vinavyorukaruka kama vumbi lenye akili, ukiviweka chini ya hadubini ndo unashangaa, mwili wake ni wa kupenyeza mwanga kama kioo, unaona mpaka utumbo, na ndani kuna matone ya mafuta yanang'aa. Hivyo vidudu ndo planktoni wanyama. Navyo vinakula planktoni mimea, vijimea vya seli moja ambavyo haviwezi kuishi bila mwanga kwa hiyo viko juu, tabaka la jua. Humo kwenye vijimea na vidudu kuna zile malighafi za kolesteroli na ndugu zake, UVB inazipiga, vitamini D inatengenezwa. Kiasi cha kijimea kimoja ni kidogo hata hakisemeki, lakini kidudu kinakula vijimea maelfu, dagaa anakula vidudu maelfu, mgebuka anakula dagaa siku nzima, na vitamini D ni kitu cha mafuta, haitoki na mkojo kama vitamini C, kwa hiyo kila anayekula anabaki na sehemu kubwa ya alichokula mwenzake. Inapanda ngazi hivyo hivyo. Mgebuka hajaota jua, ila kala walioota.

Huko Tromsø ngazi ni hiyo hiyo, majina tu ndo mengine, na kuna jambo moja ambalo mimi kila nikilifikiria naona ni la ajabu. Jua likirudi, kuanzia Machi, Aprili kwenda mbele, bahari ya huko inachanua vijimea kwa wingi wa kutisha, maji yanabadilika rangi. Kuna kidudu kinaitwa Calanus finmarchicus, urefu milimita 3 hivi, Wanorwei wanakiita raudåte, kinakula hayo maua ya bahari majira ya machipuo na kiangazi, na mafuta yake kinayaweka kwenye kifuko mgongoni, kifuko kikijaa kinachukua sehemu kubwa ya mwili mzima, unakiona kwa hadubini kama mtungi mrefu wa mafuta uliolazwa ndani ya mwili. Halafu msimu ukiisha kinashuka mamia ya mita chini, kinatulia humo, kinaishi kwa akiba hiyo giza lote. Sild na lodde, wale samaki wadogo wa kundi, wanakula hao, na torsk anakula lodde na sild. Kwa hiyo Januari, wakati wewe hujaliona jua wiki saba, torsk anayefika visiwa vya Lofoten kuzaa, yule wanayemwita skrei, tumboni kabeba jua la kiangazi kilichopita likiwa limehifadhiwa kwenye ini. Watu wa pwani hiyo walikuwa wanakunywa mafuta ya ini lake karne nyingi kabla mtu yeyote hajajua neno vitamini, waliona tu wanaokunywa hawapati matege.

Na hapa nijibu swali la pili, inakaa wapi. Kanuni ni fupi, fuata mafuta. Vitamini D haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo popote samaki anapoweka mafuta yake ndipo na D ilipo, na samaki wanatofautiana sana wanapoweka. Torsk nyama yake haina mafuta hata asilimia 1, ini lake nusu na zaidi ni mafuta matupu. Kama siku moja utampata skrei mzima sokoni, msimu wake ni Januari mpaka Aprili, mwambie akupasulie mbele yako uangalie. Ini ni kubwa, rangi ya maziwa yaliyoingia njano, laini kama siagi ya siku ya joto, ukiligusa kidole kinabaki kinateleza hata ukikisugua kwenye apron. Nyama ya pembeni yake ukiibonyeza inaachana majani majani, kavu. Samaki huyo huyo mmoja, hatua ya kidole kutoka ini mpaka mnofu, tofauti ni mara mia na kitu.

Samoni, makrell (ndugu wa vibua wetu), sild, hawa wameweka mafuta kwenye nyama yenyewe. Angalia kipande cha samoni, ile mistari myeupe kati ya nyama na nyama ni mafuta, na kuna tabaka lingine limelala chini ya ngozi moja kwa moja, lile la rangi ya kijivu. Ukichuna ngozi tabaka hilo linaondoka nalo. Ndo maana nasema usiitoe, au kama ngozi huipendi ipike nayo kwanza halafu uiache sahanini, mafuta yatakuwa yameshashuka kwenye nyama. Kuna jaribio rahisi unaweza kufanya na watoto jikoni: kata kipande kidogo cha torsk na kingine cha samoni, kaushia maji na taulo ya karatasi, kila kimoja kibonyeze kwenye karatasi nyeupe ya kuandikia, acha karatasi ikauke kabisa halafu uiinue mbele ya taa. Penye torsk alama ya maji imekauka imepotea. Penye samoni kuna doa linapitisha mwanga na halitakauka hata kesho. Hilo doa ndo makazi ya vitamini D.

Lakini kanuni hii usiichukulie kama msumeno. Papa anaikwepa. Wewe umekulia ziwani, sisi tuliokaa pwani tunajua ini la papa ni kubwa ajabu na mafuta yake, sifa, ndo yalikuwa yanapakwa majahazi na ngalawa mbao zisipasuke wala kuoza. Mafuta kibao, vitamini A nyingi, lakini D ni kidogo, papa na jamaa zake wana ini la aina nyingine, wengine limejaa mafuta mepesi yaitwayo skwaleni, linawasaidia kuelea. Kwa hiyo mafuta mengi yanakuonyesha mahali pa kutafuta, hayakuhakikishii kiasi. Na la usalama hapo hapo: ini la samaki usiyemjua usile. Bunju ini lake linaua, hilo pwani nzima inajua. Na mwaka 1993 mji wa Manakara huko Madagaska watu karibu 200 waliugua baada ya kula papa mmoja, na wengine walifariki.

Utaniuliza, sasa samaki anahitaji D yote hiyo ya nini? Binadamu tunaihitaji ili utumbo uvute kalsiamu kwenye chakula. Samaki kalsiamu anaivuta kwenye maji yenyewe kupitia matamvua, yale mashavu mekundu, amezungukwa nayo saa 24, kwa hiyo utegemezi wake kwa D kwenye kazi hiyo ni mdogo kuliko wetu. Na anastahimili kiasi ambacho sisi kingetupandishia kalsiamu kwenye damu mpaka figo ziumie. Kwenye ini lake D inakaa kama ilivyo, D3 ile ile aliyoila, imelala ndani ya mafuta. Jike akitaga sehemu inaingia kwenye mayai, kwa hiyo mayai ya samaki nayo yana D.

Sasa jikoni. Joto haliiui kirahisi, na hili tunalijua kwa njia nzuri sana. Mwaka 1919 Edward Mellanby kule Uingereza aliwapa watoto wa mbwa matege kwa kuwalisha vibaya na kuwafungia ndani, akawaponya kwa mafuta ya ini la torsk, watu wakadhani ni ile vitamini A iliyokuwa imeshajulikana. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Johns Hopkins, Marekani, akachukua mafuta hayo hayo akayachemsha huku akipitisha hewa ndani yake mpaka vitamini A ikafa yote, akawapa wanyama wenye matege, wakapona vile vile. Akajua kuna kitu kingine humo, akakiita D kwa sababu A, B na C zilishachukuliwa. Kwa hiyo kitu ambacho kiligunduliwa kwa kuchemshwa na hewa na kikabaki hai hakitakufa kwenye sufuria yako ya mchuzi.

Kinachokupotezea ni kumwaga mafuta. Watafiti wa Boston mwaka 2007 walipima samoni, aliyeokwa alibaki na karibu D yote, aliyekaangwa kwenye mafuta ya mimea alibaki na nusu hivi. Nusu nyingine haikuungua, imehamia kwenye mafuta ya kukaangia, mafuta na mafuta yanaelewana. Sisi watu wa kukaanga hili linatuhusu kabisa. Samaki wa mafuta muoke, au mpike mchuzi, nazi au nyanya ni sawa, na mchuzi umalizwe, usibaki sufuriani. Kukaanga kubaki kwa torsk na perege, huko hakuna kikubwa cha kupotea. Sardini wa kopo wa kwenye mafuta, yale mafuta usiyamwage, chovya mkate.

Utafiti huo huo ulionyesha kitu kingine muhimu kwako unayeishi nchi ya ufugaji wa samoni. Samoni wa porini walikuwa na mikrogramu 25 hivi kwa gramu 100, wa kufugwa wakawa na 6, yaani robo. Unaona ngazi ile ilivyo ya kweli? Samoni wa kufugwa ni mnene, ana mafuta mengi kuliko wa porini, lakini hajala vidudu vilivyoota jua, kala pumba maalumu ambazo siku hizi nyingi zina soya na mafuta ya mimea, kwa hiyo D atakayokuwa nayo ni ile iliyotiwa na kiwanda cha chakula chake. Bado ni chakula kizuri, mikrogramu 6 ni nyingi kuliko torsk mara sita, ila usihesabu kama wa porini. Makrell kwa bei yake mimi ningemchukua yeye kwanza, yule anavuliwa baharini na kala mwenyewe, gramu 100 zinafika mikrogramu 16 kwenye baadhi ya vipimo vya makrell wa Atlantiki.

Kuhusu tran. Kijiko kidogo cha mililita 5 kimepangwa kikupe mikrogramu 10, soma chupa uhakikishe, na chupa hiyo imesafishwa. Naisisitiza imesafishwa kwa sababu ini bichi la dukani au la samaki uliyevua mwenyewe ni jambo tofauti. Ini linakusanya D, lakini kwa utaratibu ule ule wa mafuta linakusanya na sumu za viwandani, dioksini na PCB, nazo zinapanda ngazi ile ile. Mamlaka ya chakula ya Norwei inawaambia watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasile ini la samaki, na ini la samaki waliovuliwa karibu karibu na pwani na bandari asile mtu yeyote. Wenyeji wana chakula chao mølje, torsk, ini na mayai vimechemshwa pamoja, ni kitamu kweli na mkialikwa mara moja kwa msimu mumeo ale bila wasiwasi, wewe kama unanyonyesha au una mpango wa mtoto kula mnofu na mayai, ini liache. Na tran ukishakunywa usiongeze vidonge vingine vya vitamini A juu yake, A ikizidi kwa mjamzito inamdhuru mtoto. Kama daktari kakuandikia dozi kubwa ya D kwa sababu kipimo kimekuja chini sana, maliza hiyo dozi, samaki ni wa kukushikilia hapo baada ya kupanda, kumpandisha mtu aliyeshuka sana kwa samaki peke yake ni safari ndefu mno.

Mwisho dagaa, maana umegusia kwenye barua kwamba mama anakutumia wa kutoka nyumbani na watoto wanawakataa kwa sababu ya uchungu. Uchungu ule ni tumbo, pale penye nyongo, na ini lenyewe liko pale pale, dogo kama punje ya ufuta. Dagaa ni karibu samaki pekee ambaye tunamla mzima na ini lake bila hata kufikiria, kwa hiyo usikae kuwatoa matumbo mmoja mmoja, toa kichwa tu kama lazima. Waoshe kwa maji ya vuguvugu haraka haraka, wape ndimu na chumvi dakika kumi, halafu usiwakaange wakaelea mafuta, wakaushe kwenye kikaango kikavu mpaka wanukie ndo utie kitunguu, nyanya nyingi na mafuta kijiko kimoja. Uchungu unapungua sana, na watoto wanaanza na mchuzi wake kwenye ugali kabla hawajamgusa dagaa mwenyewe.